Nani Apishe Koridoni

Jumanne asubuhi Mzee Uzi alianguka chali koridoni na madaftari thelathini ya jalada gumu, na kabla ya saa ya chai msimamizi alikuwa ameshaandika barua ya kumpumzisha kazi.

Chapchap, binti wa chumba cha mashine, alikuwa hatua mbili tu mbele ya mzee yule, akimwelekea, amebeba karatasi mpaka kidevuni. Kiwanda chao cha uchapaji kilikuwa na korido moja nyembamba kati ya chumba cha mashine na chumba cha jalada, na watu wawili wenye mizigo hawakuweza kupishana humo. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu: anayetoka kwenye mashine hupita, anayetoka kwenye jalada hurudi kinyumenyume. Mzee Uzi, mshonaji wa vitabu, alikuwa akirudi hivyo kisigino kilipogonga kizingiti.

Chapchap alimfuata msimamizi ofisini.

"Bosi, mzee hajachoka. Ameangushwa na utaratibu."

"Utaratibu upi?"

"Watu wa jalada ndio wanaopisha."

"Nani kasema? Mimi sijaandika kitu kama hicho." Msimamizi akacheka. "Mnatembea kama kaa humu ndani, halafu mnasema utaratibu! Niletee aliyeuanzisha, niichane hii barua."

Chapchap akatoka mbiombio. Alimkuta Mzee Uzi ameketi juu ya rimu za karatasi, anajikanda kiuno.

"Babu, nani alianzisha mambo ya kupishana koridoni?"

"Yaishe, mwanangu."

"Yasiishe! Wanakufukuza!"

Mzee akavuta pumzi. "Ni wewe. Siku yako ya kwanza ulikuja mbio, jasho linakutoka, ukasema, 'Nipishe babu, nitaharibu kazi!' Nikarudi nyuma. Kesho yake tukakutana tena. Mimi nikawaza, binti huyu hasimami. Wewe ukawaza, mzee huyu atarudi. Nikarudi. Siku ya tatu hakuna aliyewaza tena. Wenzako wakaona, nao wakawa wanapita tu."

"Miaka minne, babu! Mbona hukusema?"

"Nikikaza mguu siku moja, wewe utajuaje kama nimekaza? Tungegongana, na wa kuvunjika ni mimi."

Chapchap akajaribu kukumbuka. Hakukumbuka hata sura ya mzee siku ile. Alikumbuka woga wake mwenyewe tu. Na kila mgeni aliyeajiriwa, yeye ndiye aliyemfundisha: wa jalada hurudi, ndivyo tulivyokuta. Tulivyokuta! Yeye, aliyekuwa akikesha bwenini enzi za shule kubishania haki mpaka wenzake wakamwomba awaache walale.

Ofisini kwa msimamizi alikuta wapiga chapa wawili wanasubiri wino. Alitamani waondoke kwanza. Alitamani pia kusema "sisi sote," neno lile lilimjia mpaka mdomoni.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyeanzisha. Nilimsukuma mzee kwa miaka minne bila kumgusa."

Mpiga chapa mmoja akaguna. Msimamizi aliitazama barua, lakini hakuichana. Aliitia kwenye droo. "Itakaa humu mpaka Ijumaa. Akianguka tena, inatoka."

Jumatano walikutana katikati ya korido. Chapchap akarudi hatua moja. Mzee Uzi, madaftari yakiwa mikononi, naye akarudi hatua moja.

"Pita, babu."

"Pita wewe, una haraka."

"Sina haraka!"

Akarudi tena. Mzee naye akarudi, kisigino chake kikikaribia kizingiti. Nyuma ya Chapchap mpiga chapa akapaza sauti, "Chapchap, umesahau njia leo? Pita, dada, tunafanya kazi!"

Hapo akaziweka karatasi zote sakafuni kando ya ukuta, akachuchumaa, akajibana ukutani na magoti kifuani. Hakuwa na mzigo tena. Na akiwa amechuchumaa hivyo, hakukuwa na namna ya yeye kupita; wa kupita alibaki mzee. Mzee akaja mbele, polepole, akipapasa ukuta kwa kiwiko kama mtu anayepita nyumba ya watu.

Alipofika usawa wake, aliinamisha kichwa.

"Samahani, mwanangu," alisema, akapita.