Wapangaji wa Kaka

Kaka yangu alifariki Jumanne, kabla ya saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono pale hospitalini. Pumzi ilikuwa inamkwama, na maneno yake yalitoka moja moja.

"Bustani uitunze," alisema. "Lakini wapangaji... wapangaji usiwaguse."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia.

Nyuma ya nyumba yake kuna chumba anachokaa fundi cherehani na mkewe. Basi mjomba alipoanza maneno yake, kwamba chumba kile sasa kirudi kwa familia, nilimsimamia kidete.

"Wapangaji hawaguswi, mjomba. Ni wosia."

"Haya, mama wapangaji," alinijibu, na jina likanikaa.

Nilihamia pale. Kutulia nilishindwa. Nikikaa chini kidogo tu, mikono inaniwasha. Nikitoka hospitali, ambako kazi yangu ni kufua mashuka, sifiki hata kunywa maji, nimeshashika fagio. Nilisugua jiko, nikafuta utando wa buibui darini, nikapanga viatu vyake, nikavipanga tena. Ndani kulipokwisha nikatoka nje.

Kando ya ukuta wa bustani aliacha rundo la magogo makavu yaliyojaa matundu, na magugu yenye maua ya zambarau yaliyofika kiunoni. Nilimwonea aibu. Mtu nadhifu vile! Nikafyeka magugu, nikayatupia juu ya magogo, nikawasha moto. Ndani ya gogo moja kulikuwa na mngurumo, kama simu inayotetemeka mfukoni. Nilirudi nyuma hatua mbili, kisha nikaongeza majani makavu.

Baada ya hapo nikapanda maboga. Kwenye kopo la maziwa nilikuta mbegu kumi na moja za boga la mama yetu, lile la ganda la kijivu na nyama nyekundu, ambalo sijaliona kwa mtu mwingine yeyote. Mama alipoondoka, kaka ndiye aliyekuwa akizipanda na kutunza mbegu mpya kila mwaka. Mimi nilizifukia zote siku moja. Akili ya kubakiza hata mbili sikuwa nayo.

Mimea ilitambaa vizuri, ikatoa maua mengi. Ua la kike la boga unalijua: chini yake kuna kiboga kidogo kama gololi. Kila asubuhi nilivikuta viboga hivyo vimegeuka njano, vimelainika, vimedondoka. Nikaongeza maji. Nikapunguza maji. Nikaweka samadi. Kazini nilikunja shuka moja mara tatu, nikiwaza mbegu za mama zinaishia mikononi mwangu.

Asubuhi moja fundi alinikuta nimechuchumaa bustanini. Futi ilikuwa inaning'inia shingoni mwake.

"Dada, unayapiga picha au unayaombea?"

"Yanadondoka, fundi. Hakuna hata moja linaloshika."

"Litashikaje? Nani anayatembelea?"

"Si mimi hapa?"

"Una mabawa wewe?" Safari hii hakuwa na utani. "Tangu wapangaji waondoke, hapa pamekuwa kimya mno."

Nilimtazama. "Wapangaji si nyinyi?"

"Sisi? Marehemu alituita majirani. Wapangaji ni wale nyuki weusi, wanene, wa kwenye magogo. Walikuwa wanayawahi maua haya kabla sijashika cherehani. Maboga yakiisha, wanahamia kwenye yale magugu yao. Nilidhani umewachoma kwa kuwaogopa. Nikasema mtu yuko msibani, nimuulizeje?"

Nilikwenda pale nilipochomea. Nikafukua majivu kwa mguu, kama mtu aliyedondosha pete. Mke wa fundi akatoka chumbani, akanivuta mkono.

"Achana na majivu, wifi. Maua ya kike yamebaki mangapi?"

"Yatakayofunguka kesho? Matatu."

"Basi kesho tuyawahi. Jua likipanda yanafunga."

Tulichuma ua la kiume, tukalinyofoa petali, tukabaki na kijiti chenye unga wa njano. Nikapaka ndani ya ua la kwanza. Nilisugua kwa nguvu mpaka akanipokonya.

"Polepole! Nyuki gani wewe, unapigana na ua?"

Mawili yalidondoka. La tatu limeshika, sasa linatosha kujaza sahani, na fundi ameliwekea kipande cha ubao chini lisioze. Ukutani nimepanga magogo mengine makavu. Bado hayana tundu hata moja. Magugu yameanza kuota upya, sijayagusa. Kila asubuhi kabla ya kazi nachuma ua la kiume na kupaka yale ya kike yaliyofunguka. Siku nikiwa na zamu ya alfajiri, wifi ananipakia.