Jumapili ya Sangara

Mahfudha aliogopa maji tangu utotoni, lakini Jumapili ile alipanda boti pale Munyonyo, kando ya ziwa, kwa sababu hakumwamini mumewe.

Tangu mvua zianze, Jibril, mwalimu wa madrasa kule Kisenyi, alikuwa akitoka kila Jumapili na fimbo yake ya kuvulia, na kurudi jioni mikono mitupu. Akiulizwa samaki wako wapi, alijibu, "Nimewarudisha ziwani." Wanawake wenzake Mahfudha waliposikia hayo walimwonea huruma. Mtu mzima avue samaki halafu amwachie? Huyo ana nyumba nyingine, dada.

Basi akamwambia mumewe kwamba naye anakwenda. Jibril hakubisha. Alimtafutia jaketi la kujiokolea, akamfunga mikanda mwenyewe.

Boti ilikuwa ya Wamalwa, Mkenya fundi wa injini, jirani yao Makindye. Walifika kwenye kisiwa chenye ufuko wa mawe meusi. Wamalwa akapunguza mwendo, Jibril akatupa chambo chake: samaki wa plastiki mwenye ndoana mbili tumboni, kila moja na meno matatu. Ilikuwa Novemba, na wingu zito lilikuwa likishuka upande wa kusini.

"Mwalimu, twende nyumbani," Wamalwa alisema.

"Nitupe mara moja tu."

Fimbo ikapinda. Jibril alishindana na samaki mpaka upepo ukawakuta pale pale, mawimbi yakaanza kuibamiza boti. Hatimaye sangara mkubwa akaja ubavuni. Jibril akainama kumtoa ndoana mdomoni. Samaki akajipinda, na ndoana ya pili ikazama katika kiganja cha Jibril.

Kisha samaki akapiga mbizi. Mkono wa Jibril ukaenda naye, bega likafuata, kifua kikalala juu ya ukingo.

"Ananivuta!"

Wamalwa hakuweza kuiacha injini. Mawimbi yalikuwa yakiwasukuma kwenye mawe. "Mama Rumaisa," alipaza sauti, akimwita kwa jina la bintiye, "mshike wewe! Nikiachia hapa tumekwisha!"

Mahfudha aliachia ubao aliokuwa ameung'ang'ania tangu asubuhi. Akamshika mumewe kwa mkanda, akavuta. Haikusaidia kitu, kila samaki alipotikisa kichwa, Jibril alipiga ukelele. Jikoni Mahfudha alizoea kumshika samaki kwa matamvua, ila hao walikuwa wameshakufa. Akainama juu ya maji aliyoyaogopa maisha yake yote, akapenyeza vidole chini ya shavu la sangara, akamvuta kwa nguvu zote. Samaki na Jibril wakaangukia ndani pamoja.

Sangara akaanza kujirusha. Mahfudha akavua shungi lake, akamfunika kichwa, akamlalia.

"Koleo liko wapi?" aliuliza.

"Mfukoni. Kulia. Kata hicho kipete kinachoshika ndoana yangu."

Vidole vya Mahfudha vilikuwa na utelezi. Mara ya kwanza koleo liliteleza, Jibril akauma mdomo mpaka ukatoka damu. Chini yao boti ilikwaruza jiwe, na Wamalwa akataja jina la Yesu. Mahfudha akabana tena. Kipete kikakatika.

Injini ikanguruma, wakaanza kuondoka kwenye mawe.

"Mtoe ndoana yake," Jibril alisema. "Umrudishe."

Mahfudha alimtazama kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili. Halafu akafanya alivyoambiwa. Samaki akateleza kuingia ziwani, shungi likaenda naye. Mvua ikaanza. Jibril, kwa mkono wake mmoja mzima, akavua koti lake la mvua akamfunika mkewe kichwa.

Kwenye zahanati, daktari alilazimika kuisukuma ndoana mpaka itokeze upande wa pili ndipo aikate. Walipobaki wawili kwenye benchi, Jibril aliuliza taratibu, "Ulidhani nina mke mwingine?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungejibu nini?"

Akawaza. "Kwamba sina."

"Nisingeamini."

"Na mimi huenda kule kwa sababu hakuna anayeniuliza kitu," alisema. "Siku nzima. Ni hilo tu."

Mahfudha alitazama mikono yake. Bado ilinuka samaki. Jibril akaishika yote miwili kwa mkono wake mzima, wakakaa hivyo mpaka Wamalwa akaja kuwaambia kwamba boti imepata ufa.