Aliyempa Mng'oa Meno

“Ni mimi,” Mama alisema, na akaendelea kuipoza chai yake, akiimimina kidogo kidogo kwenye kisosi.

Hakuna aliyemwelewa. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amesimama katikati ya chumba, kidole mbele ya pua ya mume wangu, na mume wangu alikuwa anaapa kwa kaburi la baba yake kwamba hakumpigia kura yule daktari. Redio tulikuwa tumeizima. Matokeo yalishasomwa: Rais amerudi, kamzidi mpinzani wake kwa kura za kuokoteza. Yule mgombea wa tatu, daktari wa meno ambaye hata wapiga debe wake walijua hashindi, kapata zake kidogo. Lakini kidogo hicho kilikuwa kikubwa kuliko pengo lililokuwa kati ya wale wawili. Na kwetu hakuna duru ya pili. Aliyetangulia, hata kwa unyoya, ndiye.

“Ni mimi niliyempa,” Mama akarudia. “Mwacheni mtoto wa watu.”

Jamani, nimewahi kushtuka maishani. Niliwahi kupigwa na umeme nikichomeka pasi, nikatupwa hadi ukutani. Lakini siku ile nilikaa chini sakafuni kama gunia. Kwa sababu kama kuna mtu mmoja nchi nzima ambaye hakutakiwa kumpa kura Mng'oa Meno, mtu huyo alikuwa mama yangu.

Kaka yangu alikuwa dereva wa basi la shirika. Madereva waligoma, karakana ikaungua, askari wakafyatua risasi. Wengine walikufa pale pale getini. Wengine, kaka akiwa mmoja wao, walifungwa miaka kumi na miwili kwa moto ambao mpaka leo hakuna aliyethibitisha nani aliuwasha. Alikuwa ametumikia nusu ya kifungo uchaguzi ulipofika. Mpinzani mkuu, tuliyemwita Wakili, alisema kwenye kila jukwaa: nikiapishwa asubuhi, wafungwa wa mgomo watakula chakula cha usiku kwao. Wifi alishanunua godoro jipya. Alilificha chini ya kitanda kwangu, eti asionekane ana haraka.

Sisi tunachapa fulana. Nyumba ina vyumba vya mbele na vya nyuma. Mbele ni karakana yetu, nyuma tunalala, na harufu ya wino haijui mpaka. Msimu wa uchaguzi tulichapa za wote, maana mume wangu ana msemo wake: wino hauna chama. Zilizoharibika tulivaa wenyewe nyumbani. Mume wangu alishinda na fulana ya Rais mwenye macho manne, fremu ya kuchapia iliteleza, na Mama alifanya usafi amevaa fulana ya Wakili asiye na kidevu. Rais tulimwita Mwenye Nyumba, kwa vile alivyozoea kusema kwamba nchi ni nyumba na yeye ndiye mwenye funguo. Ungepita dirishani ungedhani kila mtu mle ndani ana chama chake na wanakaribia kuuana.

Na kweli, kuhusu yule wa tatu, walikaribia.

“Kumpa huyo mng'oa meno ni kumpa Mwenye Nyumba kwa mkono wa kushoto,” wifi alikuwa akisema, huku anakunja fulana kwa hasira mpaka zinapasuka mikunjo. “Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Anagawa kura za Wakili.”

“Kura za Wakili?” Mume wangu alipenda kumchokoza. “Alizirithi kwa baba yake? Mimi kura yangu sijaiandika jina la mtu.”

“Shemeji, wewe endelea kucheka. Wa kwako hayuko ndani.”

Hapo mume wangu alirudi kwenye fremu yake. Mimi nilikuwa upande wa wifi, sikufichi. Mdomo wangu hauna breki, na nilimtukana yule daktari matusi ambayo leo siyarudii. Mtu mzima, na akili zake, anajua hapati, anagombea ili iweje? Mama hakuwa akichangia. Alikuwa akivuta wino juu ya fremu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na mimi nilichukulia ukimya wake kuwa ni wa kukubaliana nasi. Nani angefikiria kitu kingine?

Kazi kubwa kuliko zote ilitoka kwa watu wa Wakili. Walitaka fulana nyeusi zenye sura za madereva wa mgomo, kila fulana sura moja, na chini yake neno HATUJAWASAHAU. Picha ya kaka ilikatwa kwenye picha ya harusi. Ukiangalia sana unaona kipande cha shela ya wifi begani kwake. Mama alikataa mtu mwingine asichape za mwanawe. Alivuta wino, akainua fremu, na uso wa kaka ukabaki kwenye kitambaa, mbichi, unang'aa. Alichapa hivyo mpaka mkono ukamvimba. Tulipozianika, ua mzima ulijaa kaka, na wifi akapita katikati yake akilia na kucheka.

Katika wiki hizo hizo Mng'oa Meno alikuja kuchukua fulana zake mwenyewe, oda ndogo ya kutia huruma. Mwanamke mrefu, viatu vimeliwa upande. Alikalia debe la wino bila kuangalia, akainuka na doa jekundu kwenye sketi, akacheka mwenyewe kabla hatujamcheka. Mama akamuuliza bila kuzunguka: “Mwanangu yuko gerezani kwa ule mgomo. Ukishinda, utamtoa?”

“Sijui, mama,” yule daktari akasema. “Kesi yake sijaisoma. Nikisoma nikaona ameonewa, nitamtoa. Nikiona alichoma moto, sitamtoa.”

Loh! Wifi alirusha rundo la fulana chini. Mimi nilifungua mlango nikaushikilia, ajue njia ni hiyo. Lakini alikuwa bado anamtazama Mama. “Anakula vizuri huko? Meno hayamsumbui? Magerezani meno huwa yanawatesa sana.” Mama akamjibu kwamba lipo jino la nyuma. Daktari akamweleza asukutue na maji ya chumvi ya uvuguvugu, na amuulize bwana mganga wa gereza kama kuna uvimbe, kisha akabeba mzigo wake akaenda. Tulimcheka hadi jioni. Rais mtarajiwa, kaacha sera ya maji ya chumvi!

Hayo ndiyo niliyokuwa nayajua, nilipokuwa nimekaa sakafuni siku ya matokeo.

“Mama,” wifi akasema. “Unatania.”

“Sitanii.”

“Ulimpa yule aliyesema hatamtoa?”

“Alisema hajui.” Mama akaweka kisosi chini. “Mnakumbuka lile furushi la mwisho la fulana nyeusi? Nililipeleka mimi.”

Tulikumbuka. Wakili alikuwa na mkutano uwanjani, na Mama alijitolea kupeleka mzigo, tukajua anataka kumwona mkombozi kwa macho yake. Alirudi jioni akasema miguu inamuuma, akalala.

“Walinipitisha hadi kwenye chumba anachopumzikia,” Mama akasema. “Akanishika mikono yote miwili. Alikuwa amevaa fulana yetu ndani ya koti. Akaniuliza, mama, na wewe ni mzazi wa nani kati ya mashujaa wetu? Nikamwambia, wa huyo uliyemvaa. Akajitazama kifuani. Akavua kofia. Akaniambia, pole sana, mama. Damu yake haitapotea bure. Siku nikishinda, kaburi lake litajengewa na serikali.”

Mume wangu alikuwa bado na kile kidole cha wifi mbele ya pua yake, kimesahauliwa pale hewani.

“Nikamwambia, mwanangu yu hai. Jumapili nilikuwa naye. Akamgeukia msaidizi wake, wakanong'onezana, akacheka kidogo, akasema, vizuri sana, basi huyu atatoka. Akatazama saa. Wakamwita jukwaani.” Mama alikuwa akisema polepole, kama anayetoa mwiba. “Nilisimama nyuma ya jukwaa nikamsikiliza. Aliwataja waliokufa getini. Alimtaja na mwanangu. Nilikuwa nimeshamwambia, na bado alimtaja. Watu wakainamisha vichwa, wakamwombea mwanangu apumzike. Sasa niambieni: mtu anayemzika mwanangu mbele yangu, ana funguo gani za kumfungulia?”

Ile ahadi tuliyokuwa tumeichapa kwa mikono yetu, HATUJAWASAHAU, na mwenye kuivaa hajui hata nani yu hai. Nilimpa Wakili kura yangu, na nilikuwa nimeibusu ile karatasi kabla ya kuitumbukiza.

“Kwa nini hukutuambia?” nikauliza.

“Mngebaki na nini?” Mama akanijibu. “Huyu kanunua godoro.”

Wifi ndipo alipolipuka, na haki ya Mungu hata leo siwezi kusema alikosea. “Hata kama alimdhania jiwe, Mama! Hata kama angemsahau jina! Angetia saini moja, wote wangetoka, wa kwake na wasio wa kwake, naye mume wangu angepita mlango huu! Mimi sikutaka Wakili amjue. Nilitaka amtoe! Wewe umemnunia mtu, mimi nimekosa mume!”

“Mama amepiga kura moja,” mume wangu akajaribu. “Kura moja haikupindua kitu.”

“Usinipunguzie, baba,” Mama akamwambia. “Kila mmoja wao alikuwa na moja.”

Baada ya siku hiyo nyumba ilikufa sauti. Wifi alikuja kazini, akakunja, akaondoka. Akitaka kitu kwa Mama alipitishia kwangu: mwulize fulani chumvi iko wapi. Mama wa watu akawa fulani. Godoro akalichukua, sijui alilipeleka wapi. Na mimi nilikuwa katikati, usiku namhukumu Mama, asubuhi namhukumu Wakili, mchana napata hasira na yule daktari tena, kwamba asingegombea, Mama angekuwa na chaguo gani? Angempa Wakili shingo upande, kama wengi walivyompa, na kaka angetoka. Kisha nakumbuka alivyomwuliza Mama habari za jino, nachanganyikiwa upya.

Siku ya kumtembelea kaka ikafika. Tulikwenda sote watatu, Mama, wifi na mimi, maana gereza haliruhusu kila mtu na siku yake. Kile chumba kina benchi la saruji, halafu nondo, halafu wavu, halafu yeye. Alikuwa amekonda. Alikuwa ameshasikia matokeo. Huko ndani redio ni moja na inasikilizwa na wote.

Aliuliza habari za nyumbani, tukamjibu. Aliuliza kama watu bado wanavaa zile fulana. Nikasema wanavaa. Uso ukamchangamka, ule uso wake kabisa, wa utotoni. Akatuambia usiku, akikosa usingizi, anafikiria ni watu wangapi mjini wanatembea naye kifuani, wanajua jina lake, na hapo anaweza kulala. Mama alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Kisha akabadilika. “Tulikuwa tunatoka,” akasema. “Tulishagawana nani atambebea nani mizigo. Hao washenzi waliompa yule mwanamke wa meno, hao! Ningewajua, ningewauliza kitu kimoja tu. Hivi wana watoto?”

“Mimi ni mmoja wao,” Mama akasema.

Nilimkanyaga mguu. Nilikuwa nimechelewa.

Kaka alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama vizuri. Tabasamu halikuondoka, lilibaki tu pale mdomoni, halina kazi. “Mama?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Kwa nini?”

Nilingoja amwambie. Wifi naye alingoja. Ilikuwa haki yake Mama kusema, na sentensi moja ingemtakasa: Wakili alidhani umekufa, walikuombea kama marehemu, hao watu unaolala kwa kuwafikiria. Mama akafungua mdomo. Akamtazama mwanawe kwenye wavu, akaufunga.

“Sikumpenda tu yule Wakili,” akasema.

“Hukumpenda?” Kaka aliinuka, nondo zikalia alipozishika, askari akageuka. “Hukumpenda? Mama, miaka sita nimebaki nayo! Hukumpenda?”

“Sikumpenda.”

Mama alionekana mdogo pale kwenye benchi. Hakujitetea, hakulia, alikuwa amekaa anapokea.

“Hata mimi,” wifi akasema.

Nikamgeukia. Yule aliyefunga bendera za Wakili barabara nzima. Yule ambaye kwa wiki nzima nzima alikuwa hamwiti tena Mama.

“Hata wewe nini?” kaka akauliza.

“Sikumpa Wakili. Nilimpa yule yule wa Mama.” Alikuwa anamtazama mumewe machoni bila kupepesa. “Nigombeze na mimi.”

Kaka akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha macho yakaja kwangu, na nilijua anachotafuta: alikuwa anatafuta mtu mmoja, mmoja tu katika nyumba yetu, aliyemtaka atoke.

“Na wewe, dada?”

“Na mimi,” nikasema.

Askari akagonga nondo kwa funguo, muda umekwisha. Kaka akauchukua mfuko wa sabuni na sukari kwenye kidirisha, akaukagua kama kawaida yake, akaukumbatia kifuani. Alitugeuzia mgongo akafika mlangoni, akasimama.

“Mwezi ujao mje mapema,” akasema bila kugeuka. “Foleni inakuwa ndefu.”