Jiko la Kumi na Tano

Dorkasi alikuwa ameukanyaga udongo kwa nusu saa na bado haujamridhisha. Udongo wa kichuguu una kiburi. Ukiuharakisha, siku ya tatu unapasuka. Akaongeza majivu beseni moja na samadi ya ng'ombe koleo mbili, akapandisha khanga magotini, akaendelea kukanyaga. Upepo wa Julai ulitoka upande wa Ihumwa na vumbi la mashine zinazochonga barabara, baridi yake ya kukata masikio.

Hatua chache kutoka alipo, mtoto wa miaka tisa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya baraza kwa kamba ya katani. Kamba ilimzunguka kiunoni. Ilikuwa ndefu kiasi cha kumfikisha kivulini, fupi kiasi cha kutomfikisha motoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Gladness. Kamba inakubana?"

"Nimezoea."

Ester, mama wa mtoto, alikuwa ameinama kwenye mafiga matatu akichochea kuni chini ya sufuria. Hakuinua uso.

"Usinihukumu, dada Dorkasi. Mwezi uliopita ameangukia hapa mara mbili. Zahanati dawa hakuna tangu mwezi wa tano. Na kupika lazima nipike."

"Nikuhukumu kwa lipi? Mama yangu naye alifunga."

Aliyefungwa na mama yake alikuwa Jordan, mdogo wake Dorkasi. Akiwa na miaka kumi na miwili alijifungua kamba, kifafa kikamwangusha, mkono wa kulia ukaingia motoni. Majirani walikuwepo. Walisimama wameshika vichwa wakisubiri kifafa kiishe, maana mwenye kifafa haguswi, povu lake linaambukiza. Ndivyo wanavyoamini, na kwa imani hiyo waliuacha mkono wa mtoto ukaungua hadi kiwiko.

Miaka mitatu baadaye, kwa mkono wa kushoto, Jordan alimjengea mama yao jiko la tofali na udongo, refu kufika kiunoni. Sufuria inazama kwenye tundu mpaka masikioni, na mdomo wa moto umeelekea ukutani. Anayeanguka anakutana na ukuta wa vuguvugu, basi. Akamjengea jirani, kisha jirani wa jirani, kila nyumba yenye mtu wa kuanguka, bila kudai kitu. Alipokufa na miaka ishirini na miwili alikuwa amejenga tisa. Dorkasi alichukua kipimo chake, akajenga matano zaidi kwa jina lake. Hili lilikuwa la kumi na tano, na alilitaka lisimame kuliko yote yaliyopita, kwa sababu ya nyumba yenyewe.

Alipokufa, nimesema. Hiyo ni adabu tu. Jordan aliuawa.

Mwaka juzi alianguka kando ya barabara, akainuka, akatembea macho wazi na akili bado haijarudi. Akaingia kwenye nyumba inayojengwa, mahali ambapo nondo zilikuwa zinaibwa. Hakupiga hodi. Mafundi wakamuuliza wewe nani, hakujibu. Kwetu mtu asiyepiga hodi na asiyeitikia ni mwizi. Hilo hatukulisoma shuleni, tumekua nalo. Wakamshukia kwa nondo na koleo. Dorkasi alifika mbio akipiga kelele, "Ana kifafa! Hasikii!" na fundi mmoja akamsukuma kifuani akaanguka chali, kisha fundi yule akageuka kwenda kumalizia. Meno ya Jordan yalikutwa kwenye mchanga wa kujengea.

Karatasi ya polisi iliandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Huyo Hasira Kali hana sura wala mtaa, ndiyo maana hakamatiki. Fulgence, mtendaji wa mtaa, alimwambia Dorkasi kwamba hakuna shahidi.

"Mimi niliona," alisema.

"Wewe ni ndugu wa marehemu. Una uchungu. Nenda kapumzike."

Fundi aliyemsukuma ni Bartolomayo, mume wa Ester, baba wa Gladness. Mtoto alianza kuanguka miezi saba baada ya msiba. Mtaa mzima ulisema Mungu amelipa. Maneno hayo yalimchefua Dorkasi. Mungu gani huyo anayemdai mtoto? Ester alipokuja kumwomba jiko, alimfukuza mara mbili. Mara ya tatu alichukua kipimo, akabeba na koleo.

Adhuhuri jiko lilikuwa limesimama, bichi, linang'aa kwa maji. Dorkasi alichukua msumari akaandika usoni pake, kama alivyoandika kwenye yale matano: JORDAN NIKODEMO. ALIKUWA NA KIFAFA. ALIUAWA MTAANI HAPA.

Bartolomayo, ambaye asubuhi nzima alikuwa amejifungia ndani, akatoka. Alisoma pole pole, midomo ikicheza.

"Futa."

"Majiko yangu yote yana jina lake."

"Kwangu futa! Unataka mwanangu akue akisoma hilo kila akila?"

"Nataka akue. Lako jina sijaliandika, Bartolomayo. Hilo unalisoma mwenyewe."

Akaruka kumpiga. Ester akaingia katikati na mwiko wa moto mkononi, na kofi lililokuwa la Dorkasi likatua kwenye sikio la mke. Alipepesuka. Bartolomayo aliutazama mkono wake, akaenda nyuma ya nyumba, wakamsikia akipiga simu.

Ester alikaa chini akishika sikio. Damu nyembamba ilikuwa inamtoka.

"Mfungue mtoto," Dorkasi alimwambia. "Asiyaone haya akiwa na kamba kiunoni. Mshike mkono tu."

Kamba ikafunguliwa.

Mtendaji Fulgence alifika kwa pikipiki, mkoba wa mhuri kwapani, nyuma yake kapakiwa Octavian, mgambo, na kirungu chake. Hawakupiga hodi. Wenye serikali huwa hawapigi.

"Taasisi yako imesajiliwa?" Fulgence aliuliza.

"Mimi si taasisi. Mimi ni dada wa Jordan."

"Unatoa huduma za jamii kwenye mtaa wangu bila kibali. Halafu unaandika uchochezi. Wageni wa mkoa wakipita hapa wasome kwamba kwetu watu wanauawa?"

"Hawauawi?"

"Octavian, toa hayo maandishi."

Dorkasi akasimama mbele ya jiko akitandaza mikono. Octavian alikuwa kijana mnene mwenye haya, na watu wa namna hiyo wakiogopa hupiga kwa nguvu zaidi. Kirungu kilitua juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia wa Dorkasi. Ukalia kama ukuni unaovunjika. Dorkasi alipiga magoti, na Octavian akapandisha buti, akalipiga jiko teke usoni. Uso wote ukamomonyoka pamoja na jina.

Ester alipiga yowe akamkimbilia Dorkasi. Na katika kukimbia huko akauachia mkono wa Gladness.

Mtoto alitoa mlio mmoja, akakakamaa, akaenda chini ubavu kwa ubavu na mafiga. Sufuria ikapinduka. Maji ya ugali yakamwagika juu ya makaa, mvuke ukapanda, na mguu wake wa kushoto ukawa unapigapiga ndani ya makaa yale.

"Msimguse!" Octavian alipiga kelele akirudi nyuma. "Povu hilo!"

Fulgence alikuwa ameshafika getini. Bartolomayo, aliyekuwa amerudi kutoka nyuma ya nyumba, alisimama mikono kichwani. Zaidi ya mwaka wa kuishi na ugonjwa ndani ya nyumba yake, na bado alikuwa anasubiri kifafa kiishe.

Dorkasi alimfikia kwa magoti. Kwa mkono mmoja mzima akamkamata gauni mgongoni, akamvuta, akamlaza ubavu, akafuta povu kwa kiganja chake. Ester akamwagia mguu maji ya kujengea. Ngozi ya kisigino ilikuwa imevimba malengelenge. Walihesabu pumzi zake mpaka mwili ukalegea.

Kisha Gladness akainuka. Macho wazi, mwenyewe hayupo. Akatembea kwa mguu ule ulioungua, moja kwa moja hadi kwa Octavian, akamshika mkanda kwa nguvu.

"Niachie! We mtoto, niachie! Unasikia?"

Hakusikia. Octavian akainua kirungu juu ya kichwa chake.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Bartolomayo alivuka uwanja ule kwa hatua mbili, akaudaka mkono wenye kirungu, na fundi ana mikono. Alimpiga mgambo puani, akampiga tena akiwa anaanguka, akamkalia kifuani akaendelea kumpiga na ngumi zote mbili, akilia, "Hasikii! Hasikii! Hasikii!" mpaka uso wa Octavian ukawa hauna mahali pakavu. Ester ndiye aliyemng'oa, kwa kumng'ata bega.

Polisi, ambao kwa Jordan walichukua saa sita kufika, safari hii, kwa simu ya Fulgence, walitumia dakika ishirini. Pingu hawakuwa nazo. Wakamfunga Bartolomayo mikono kwa kamba ya katani iliyokuwa imelala chini ya nguzo, wakampakia nyuma ya gari pamoja na mgambo anayevuja damu. Kosa: kumshambulia mtumishi wa umma. Fulgence aliandika maelezo papo hapo juu ya tanki la pikipiki, akapiga mhuri, akamletea Dorkasi.

"Weka sahihi. Wewe ndiye shahidi."

Dorkasi alikuwa amekaa akiegemea jiko lililobomoka, mkono umefungwa kwa upande wa khanga. Alisoma karatasi mara mbili. Mgambo alikuwa akitekeleza wajibu wake kwa amani. Mtuhumiwa akamvamia bila sababu. Gladness hakuwemo. Mguu wake haukuwemo, wala kirungu.

"Mwaka juzi sikufaa kuwa shahidi."

"Yale yameisha. Huyu ndiye aliyemuua mdogo wako, unamjua, mimi namjua. Nakupa mkononi. Sahihi moja tu, anakwenda jela miaka."

Asiseme mtu kwamba Dorkasi hakutaka. Alitaka. Alimwona Bartolomayo nyuma ya gari, kichwa kimeinama, na moyo wake ukapiga kwa furaha mbaya, furaha ambayo hakuwa na haya nayo. Miaka miwili aliisubiri karatasi ya kumtia huyu ndani. Nayo ndiyo hii, na jina la Jordan halimo.

"Andika na yule mtoto," alisema. "Andika kirungu kilikuwa juu ya kichwa chake. Ukimaliza, andika na ya mwaka juzi, nondo kwa nondo. Zote nitatia sahihi, mkono wa kushoto."

"Hiyo haiandikwi."

"Basi na hii haisainiwi."

Fulgence alikunja karatasi taratibu. "Sikia. Kuanzia leo, jiko lako lolote kwenye mtaa wangu nitalivunja. Wewe nitakuweka ndani. Waambie hao wenye vifafa wako watafute mwingine."

Akawasha pikipiki. Kabla ya kuondoka aliligonga jiko na gurudumu la mbele, makusudi, na ukuta uliobaki ukalala.

Ester alimbeba Gladness mgongoni kwenda kutafuta usafiri wa hospitali, mguu umefungwa kitambaa kibichi. Dorkasi alibaki kusubiri nguvu za kusimama. Hakulia kwa ajili ya mkono. Alilia kwa sababu lile la kumi na tano lilikuwa udongo tu, na mtoto amekwenda ameungua.

Upande wa pili wa ua wa michongoma walikuwa wamejaa watu, waliotazama tangu teke la kwanza. Wakaanza kutawanyika. Mmoja hakuondoka. Alikuwa Zaitun, jirani, mama mtu mzima anayeuza mbegu za alizeti, ambaye mtaani alijulikana kuwa hana mtoto. Alitazama huku na huku, akasogea kwenye uwazi wa michongoma.

"Hodi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Alisimama akisokota ncha ya mtandio. "Ninaye mmoja ndani. Binti. Ana miaka kumi na minane."

Dorkasi alimtazama.

"Hajatoka nje tangu ana sita," Zaitun alisema. "Mume wangu alikataza. Kisha akafa, na mimi nikawa nimeshazoea kusema sina."

"Umesikia alichosema mtendaji?"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Akapita kwenye uwazi, akaingia uani. "Kwangu utakuja lini?"

Dorkasi aliutazama mkono wake. Ulikuwa umevimba, vidole vimekuwa vya bluu.

"Nikitoka kufungwa plasta. Kesho. Lakini kukanyaga utakanyaga wewe, mama, mimi nitakuelekeza."

"Nitakanyaga."

"Na binti atoke nje, akae tukimwona. Jina lake nani?"

Zaitun alifungua mdomo. Ilimchukua muda, jina lile hakuwa amelitamka mbele ya mtu kwa miaka kumi na miwili.

"Bupe," alisema. "Anaitwa Bupe."