Kifua cha Ladislaus

Jumamosi asubuhi, Dominika alikuwa uani kwao Lisekese akimkanda mumewe mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, akagundua kwamba kupitia mwili wake anauona ukuta ulio mbele. Kifua cha Ladislaus kilikuwa kimegeuka kioo. Alisogeza kitambaa akatazama vizuri. Mapafu yalikuwa mahali pake, na ndani yake vumbi la mawe limetulia kama unga wa muhogo chini ya kinu.

"Kuna nini?" Ladislaus aliuliza.

"Umeanza kuonekana ndani," alisema Dominika, akaendelea kukanda.

Ladislaus alikuwa akilisha mawe mashine ya kokoto tangu binti yao Furaha akiwa wa kubebwa mgongoni. Mawe yalisagwa makavu, bila kunyunyiziwa maji, na barakoa hazikuwahi kutolewa. Sasa hakuweza kufika chooni bila kupumzika njiani.

Jirani yao Pili alileta uji.

"Shikamoo, Baba Furaha."

"Marahaba."

Pili aliinama, akachungulia. "Kumbe kulia ndiko kumejaa zaidi," alisema, akaenda kutafuta kijiko.

Ladislaus alimgeukia mkewe. "Wewe unafundisha kemia. Mbona nikikohoa vumbi hili halitoki?"

"Chuma kina tabia ya kuachia," alisema Dominika. "Elektroni zake za nje zinatembea kwa atomi zote, ndiyo maana ukikigonga kinapinda tu. Silikoni ya kwenye mawe haiko hivyo. Ina mikono minne. Kila mkono umeshika oksijeni, na oksijeni hiyo imeshika silikoni nyingine. Maji hayaiachanishi."

"Hakuna kabisa kinachoweza?"

Ipo asidi moja inayoyeyusha kioo, lakini hiyo humla mtu mpaka mifupa. Dominika hakuitaja.

Jioni alichemsha magadi. Ndani ya magadi mna sodiamu, metali isiyong'ang'ania elektroni yake, na ikikutana na mchanga kwenye moto wa tanuri, mchanga hulegea. Tanuri hakuwa nalo. Alikuwa na jiko la mkaa. Alimsugua mumewe mpaka vidole vikamchubuka, machozi yakimdondokea kwenye sufuria. Kioo kilitakata tu. Sasa hata moyo ulionekana, ukipapatika.

Jumatatu alikuja Faruku, msimamizi wa machimbo. Dominika alimpigia magoti, akamwomba kampuni itoe mtungi wa oksijeni. Faruku alichuchumaa mbele ya mgonjwa. Aliliona vumbi, na nyuma yake akamwona mbuzi wa Pili akitafuna kamba.

"Pole sana, kaka. Vumbi naliona. Ila kampuni inataka picha ya eksirei."

"Picha ya nini, na wewe unaona kwa macho yako?" aliuliza Dominika.

"Macho yangu hayana mhuri, mwalimu."

Twahiru, aliyefanya kazi na Ladislaus kwenye mashine ileile, alimpakia mgonjwa na mkewe kwenye pikipiki yake mpaka hospitali mjini Masasi. Picha ilipotoka, ilionyesha ufa wa ukuta uliokuwa nyuma ya mgonjwa. Walipompelekea, Faruku aliinyanyua kwenye mwanga, akaikagua kwa makini.

"Hapa hakuna ugonjwa," alisema kwa upole.

Ladislaus alikufa siku ya tatu yake, mchana, mkono wake umeushika wa mkewe. Haukuachia. Ilibidi Pili apake mafuta ya alizeti ndipo Dominika akachomoka.

Walimpeleka kwao Makote, Newala. Kwenye lori la kampuni walimzungushia magodoro, maana barabara ya kupanda juu ilikuwa na mashimo na waliogopa asije akapasuka. Kaburi lilichimbwa kando ya mikorosho na wenzake wa kwenye mashine. Walichimba kwa zamu fupi fupi, wakikohoa.

Zamu ya Twahiru ilipofika, alivua shati. Jua lilipenya ubavuni mwake, likaacha doa jeupe juu ya udongo mwekundu. Wenzake walisogea kidogo ili doa lisiwapige machoni.

"Shemeji," Dominika alimwambia, akimshika mkono. "Nakuomba usirudi kule."

"Nikale wapi, shemeji?"

Udongo ulikuwa haujamaliza kusawazishwa, lori likapiga honi. Faruku alikuwa amekubali wazike, mradi wawahi zamu ya jioni. Twahiru alivaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akapanda nyuma na wenzake.

Dominika alilikimbilia lori akiita jina la kila mmoja, mpaka pumzi ikamwishia njiani.