Kisutu cha Sabiha

Nilivuka maji kutoka Pemba kuja Tanga kununua vitu vya arusi ya binti yangu Sabiha, na siku ya kwanza tu sokoni niliua mtu. Sikumgusa hata kwa ukucha. Lakini niliua, na mtu akija kunifariji kwamba ndiyo kadari, namwambia anyamaze.

Soko lenyewe lilikuwa la vita tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakata mkonge wamepokea mishahara na kumiminika mjini, watu wanasukumana kwa viwiko. Mbele ya bucha wanaume wawili walikabana makoo kwa sababu ya maini, mwenye bucha akawatenganisha kwa ubapa wa panga. Nami si mtu wa kusukumwa. Mama mmoja alinikanyaga kidole, nikampiga kikumbo akaangukia matenga ya nyanya.

"Wifi, utatufukuzisha soko," Mwanaasha akanicheka.

Mwanaasha ni mke wa kaka yangu, Mzigua wa Pangani, na mimi nilifikia kwao, mtaa wa Usagara. Asubuhi ile alinivisha kanga zake, tukatoka sare kama watoto wa mama mmoja. Soko alilijua meza kwa meza. Mchele tusinunue kwa huyu, pishi yake ina hila. Udi twende kwa yule mzee wa pembeni, wa wenzake umechanganywa na magome. Kisutu, ile kanga ya bibi arusi, tukitafute duka la kona.

Kisutu nilikipigania karibu saa nzima. Kwetu bibi arusi bila kisutu ni aibu ya ukoo mzima, na mkobani mwangu zilibaki pesa za kisutu kimoja tu. Nilipokipata nilikikumbatia kifuani. Mwanaasha akaniachia kikapu chake nje ya duka, akaenda kwenye samaki.

Hapo likatokea jitu refu la kaptula ya kaki, mikono imejaa makovu ya mkonge. Likanitazama, likatazama kikapu, likacheka meno yote nje.

"Mzigua mchafu wewe! Nani kakununulia nguo nzuri hivi?"

Akaninyang'anya kisutu, akajifunga kichwani, akaanza kukata kiuno katikati ya njia. "Leo mtarudi uchi Pangani!"

Sisi Wapemba hatuna utani wa namna hiyo. Sikujua kwamba Mnyamwezi akikutana na Mzigua ana ruhusa ya kumtukana na kumpokonya alichoshika, na Mzigua haruhusiwi kukasirika. Anarudisha matusi makubwa zaidi, anakomboa kitu chake kwa tambuu moja, wanaachana wakicheka. Ernesti, ndilo jina lake, alikuwa Mnyamwezi, mtani wa Mwanaasha miaka mingi. Aliona sare, akaona kikapu anachokijua, akanidhani dada wa Mwanaasha. Hayo niliambiwa baadaye. Saa ile niliona arusi ya mwanangu inakwenda zake juu ya kichwa cha mwanamume nisiyemjua.

"Mwivi!" nikapiga ukelele. "Mwivi huyo! Nikamatieni!"

Hakukimbia. Alisimama, akanigeukia huku akicheka, akidhani nami nacheza.

Wa kwanza kumfikia alikuwa mchukuzi mmoja. Alimpiga mdomoni kwa mti wa kubebea mizigo, meno yakaruka hadi miguuni kwangu. Ernesti akapiga magoti. Alipofungua kinywa aseme, mwingine akamkanyaga shingo. Muuza mhogo akaja na jiwe la mizani, akalishusha juu ya jicho lake la kushoto, na jicho likaisha. Watu ambao hawakuona lolote walipigana vikumbo wapate nafasi ya kumpiga teke. Nilisikia mbavu zikivunjika kama kuni kavu. Na mimi, Mungu ananiona, nilikuwa nikisema, "Mpigeni! Mpigeni!"

Mwanaasha akafika mbio. Alitupa samaki chini, akajirusha juu ya yule mtu, akamfunika kwa mwili wake.

"Mtani wangu huyu! Mwamuua mtani wangu!"

Rungu lililokwisha kuinuliwa kumpiga Ernesti likamvunja yeye mkono. Alipiga yowe lakini hakuondoka. Nikaona uso wake, nikaelewa kwamba nimefanya jambo baya sana.

Filimbi ya askari ikalia, watu wakasogea.

"Mwenye mali ni nani?" askari akauliza. Vidole vyote vikanielekea mimi.

"Wifi," Mwanaasha akasema pale chini, "waambie si mwizi. Apelekwe spitali sasa hivi, bado anapumua."

Neno moja tu lilitakiwa. Lakini yule muuza mhogo alikuwa ubavuni kwangu, jiwe bado analo, damu imemfika kwenye kiwiko. Akaniinamia sikioni. "Mama, uliyetuita ni wewe. Kama si mwizi, hapa hutoki."

Nikamwangalia askari. Alikuwa peke yake, na wale walikuwa zaidi ya hamsini.

"Ni mwivi," nikasema.

Basi spitali ikafutika. Askari akamtoa Mwanaasha juu yake, akamfunga Ernesti mikono nyuma ili ampeleke kituoni. Ernesti akainua uso. Hakumtazama askari, alinitazama mimi kwa lile jicho lililobaki, akajaribu kucheka, povu la damu likamtoka.

"Mtani," akaniambia, "sasa umezidi."

Askari hakufika naye hai hata mwisho wa soko. Mwanaasha alibaki amekaa chini, ameukumbatia mkono wake uliovunjika, na tangu siku ile hajanisemesha. Hilo silo linaloniumiza zaidi. Linaloniumiza ni kwamba Ernesti alikata roho akiamini kuwa aliyemuuza ni mtani wake.