Kadi Iliyokwama

Makoye hakujua kusoma, lakini kwa kutengeneza vitu pale Mwakitolyo alikuwa hana mpinzani. Mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ikigoma, huitwa yeye. Ndiyo maana alasiri ile alirudi kutoka kwa Nasibu, fundi wa simu, akitembea kifua mbele.

"Ng'wanawane, mwanangu, simu yako tumeitengeneza."

Noela alikuwa anafua sare. Kesho asubuhi ulikuwa mtihani wa kemia wa kidato cha nne, na mwalimu wao wa kemia alihama miaka miwili nyuma, hajaletwa mwingine. Kemia yote Noela aliisoma kwenye video arobaini ambazo Mwalimu Athanas wa hesabu alizipakua Shinyanga mjini, akamwekea kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Bila kemia hakuna uuguzi. Bila uuguzi ni kuponda mawe, kama mama yake.

"Ilikuwa na nini, baba?"

"Imekwama. Mwezi mzima yule mwalimu wa humo ndani anasema maneno yaleyale. Nikajua unaona haya kuniambia."

Noela akaacha kufua. Akaifungua simu kwa mikono yenye povu. Nasibu alikuwa ameifuta kadi yote, na kwa wema wake akaijaza ngoma za Kisukuma.

Maskini, aliyekwama hakuwa mwalimu. Somo la moli, kile kipimo cha kemia, lilikuwa la Kiingereza, na Noela alilirudia kila siku kwa sababu ndiyo kwanza lilianza kumwingia.

"Ndivyo tunavyosoma, baba! Tunarudia!" alifoka, yeye ambaye hajawahi kumpandishia baba yake sauti.

Akakimbilia kwenye kichuguu, mahali pekee penye mtandao. Mwalimu Athanas hapatikani. Amepelekwa kusimamia mitihani shule nyingine, na simu haziruhusiwi. Nasibu naye akasema kilichofutwa hakirudi. Noela akarudi nyumbani, akaketi mavumbini na kulia kama aliyefiwa.

Makoye akachuchumaa mbele yake. Alitamani ardhi immeze.

"Nilikuwa namsikia kila siku," alisema. "Labda nimeyashika."

Akafumba macho, akaanza. Kiingereza kikamtoka vilevile, kikipanda na kushuka kama cha yule mwalimu: habari zenu wanafunzi, karibuni tena, leo tunajifunza moli. Hakujua maana ya neno hata moja.

Noela akainua kichwa. Akavuta daftari.

"Endelea, baba."

Makoye akafumbua macho.

"Basi, mwanangu. Hapo ndipo usingizi ulikuwa unanichukua."